Maua ya Zambarau kwa Mabula

Mdogo wangu mpendwa Mabula,

Ningekuwa na anwani yako ningeifunga barua hii kwenye bahasha kama wanavyofanya watu wengine. Sina. Namba yako ya simu ilikufa siku ileile tulipoambiwa duara, lile shimo lenu la dhahabu, limeingia maji, na tangu hapo kila ninayemuuliza ananitajia mji tofauti. Kwa hiyo naiandika wazi, mbele za watu, ili kama kuna mchimbaji yeyote anayekufahamu, awe Geita, awe Chunya, awe huko kwingine wanakosema umeonekana, aisome na kukusomea. Kama hakuna wa kukusomea, basi iwe tu nimekuambia. Kuna jambo tumelifanya hapa nyumbani, na si vizuri ulisikie kwa watu baki.

Mayu hajambo. Naanza na yeye kwa sababu najua ungemuulizia mama yetu kabla hujaniuliza mimi hali. Miguu inamsumbua na macho yamepungua, lakini bustani yake iko palepale nyuma ya bafu, inakunywa maji yetu ya kuogea. Jina la yale maua meupe bado hatulijui. Sista aliyempa mbegu alihamishwa kabla hatujamuuliza, nasi tukayaita maua ya sista hadi leo. Unajua jua la Maganzo lilivyo, mbuzi wanajificha chini ya magari ya madalali wa almasi, na mahindi yanakauka yakiwa na urefu wa goti. Katika ardhi hii ni maua hayo tu yaliyokubali kuota kwake.

Unaikumbuka ile Pentekoste? Katekista alishatangaza kwamba kitambaa cha altare kitakuwa chekundu na maua yawe mekundu. Mpambaji wa kanisa letu la kigango alikuwa Mayu, na Mayu alikuwa na maua meupe matupu. Alikaa kizingitini ameshika tama. Wewe ulikuwa darasa la sita, umetoka shule na somo la sayansi kichwani, ukamwambia, "Mayu, nipe mawili tu nijaribu." Akakupa ili umwondokee. Ukaenda moja kwa moja kwenye rangi yangu ya keki, ile niliyokuwa nimeificha ndani ya debe la unga, ukaimimina yote kwenye kopo lenye maji ya uvuguvugu na kuyatumbukiza maua yako. Nilikukimbiza hadi barabara ya Mwadui nikiwa na mwiko mkononi. Tuliporudi jioni, wewe unacheka na mimi nimekasirika, ncha za petali zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, na vijishipa ambavyo hatukuwahi kuviona vilikuwa vimejichora hadi katikati ya ua. Nikasahau kukupiga.

Jumapili ile wanawake wa jumuiya walimzunguka Mayu nje ya kanisa, wakimwita kwa jina langu. "Mama Kabula, haya mekundu umeyatoa wapi, Arusha?" Na Mayu, ambaye hasemi uongo kwenye viwanja vya kanisa, akawajibu, "Yamekunywa." Basi hakueleza zaidi. Wiki nzima watu walisema mama yenu ana siri yake.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa na kazi mwaka mzima. Kwaresima, zambarau. Pasaka, nyeupe, na sisi tunapumzika. Ulitaka hata maua ya kijani, ingawa nilikuambia majani yamejaa kila mahali na hakuna mtu atakayeona ajabu. Zambarau ndiyo iliyokutoa jasho. Ulichanganya nyekundu na bluu, na maua yakazitenganisha tena, ukingo bluu na mishipa waridi, mpaka Mayu akauliza kama hiyo ni Kwaresima au harusi. Ukaiba dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, ile tuliyopakwa tukiwa wadogo. Shina likawa zambarau tupu na ua lenyewe likabaki jeupe, halina habari. Vidole vyako vilikaa na rangi ile mpaka mwalimu akakupeleka nyumbani akidhani una ugonjwa. Na yule jogoo aliyekunywa kopo lako la bluu, tulimchinja Krismasi tukiwa bado na wasiwasi.

Mwishowe ukagundua kwamba kazi yote iko kwenye kiu kuliko kwenye rangi. Ulikata maua jua likiwa kali, ukayalaza juu ya mkeka bila maji mpaka shingo zikaanza kulegea. Hapo ndipo ulipokata tena ncha ya shina kwa mshazari na kuyasimamisha kwenye rangi, pale mlangoni upepo unapopita. "Ua lililoshiba halinywi, dada," uliniambia, kana kwamba wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. "Lenye kiu halichagui." Mayu alilalamika kwamba unayatesa maua yake, lakini alikaa kukuangalia.

Nilikuwa napenda siku zile, Mabula. Sikujua kwamba nazipenda.

Baba alichekecha mchanga wa almasi maisha yake yote, na alipokufa alituachia chekecheke na hadithi ya jiwe moja dogo. Uliona hayo yote, ndiyo maana habari za rashi mpya, dhahabu iliyofumuka kule Geita, zilipofika uliondoka kabla hazijapoa. Nilikuambia ngoja. Mkeo alikuambia ngoja, mwanenu Holo akiwa anatambaa tu. Ukacheka ukasema almasi ina majivuno, dhahabu haijali mtu katoka wapi. Ulirudi Krismasi mara moja na kiatu kipya na kikohozi, ukampambia Mayu altare, ukaondoka tena alfajiri ya siku ya pili.

Halafu simu ikaja. Baba mdogo na mimi tulipofika kambini tulikuta watu wamesimama kimya kuzunguka duara lenu, na pampu zinavuta maji mekundu yasiyoisha. Walituambia ukuta wa duara la jirani, lililokuwa limejaa maji ya mvua, ulibomoka chini kwa chini. Nilimuuliza kila mtu kama ulikuwa ndani. Mmoja alisema alikuona ukishuka. Mwingine alisema hapana, ulikuwa umepanda juu kutafuta maji ya kunywa, na baada ya hapo hakukuona tena. Walitoa miili ya baadhi ya wenzako. Kisha ardhi ikaanza kumeguka tena, wakubwa wa pale wakasema haiwezekani kuwaua wazima kwa ajili ya wasiojulikana, na duara likafukiwa. Padre na shehe walisali pale pamoja. Baba mdogo alichukua shati lako kwenye turubai mlimokuwa mnalala, na mimi nilichukua udongo kidogo, nikauficha kwenye mkoba. Miaka yote hiyo sikumwonyesha Mayu.

Maneno ya yule mtu wa pili ndiyo yaliyomshika Mayu. Ulipanda kutafuta maji. Basi uko mahali, unakunywa maji. Alikataa msiba. Alikataa turubai uani, alikataa watu kulala matanga, na mkeo alipotaka kulia alimshika mdomo kwa kiganja akamwambia, "Usimlilie mtu mzima aliye safarini, utamletea nuksi." Tukamwacha. Tulidhani atahitaji muda kidogo.

Muda ukawa miaka. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na siku ile, katekista anasoma nia ya Mayu mbele ya watu: tumwombee Mabula aliye safarini, Mungu amrudishe salama. Na altareni yanakaa maua ya sista, meupe vilevile, bila tone la rangi. Aliniambia mara moja tu, na hakurudia: "Siku nitakayoona maua ya zambarau kwa jina la mwanangu, siku hiyo mtakuwa mmemzika ninyi." Zambarau kwetu unajua ni ya Kwaresima na ya marehemu. Kwa hiyo nilijua nimepewa amri.

Sasa nikuambie kuhusu mkeo. Hajarudi kwao Kishapu. Amebaki hapa, analima pamba na baba mdogo, anamchotea Mayu maji, anamlea Holo, ambaye sasa yuko darasa la pili na ana kipaji chako cha kuchokonoa kila kitu. Miezi michache iliyopita Padre alikuja kigangoni, na mwisho wa Misa akawaita wajane wasimame ili awabariki. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama Holo. Nilimwona anainuka, anafika nusu, anamtazama Mayu, anakaa. Halafu akainuka tena. Halafu akakaa. Wanawake wa benchi la mbele waligeuka kumtazama. Sijawahi kuona mtu akidhalilika hivyo bila kuguswa na mtu yeyote.

Siku ileile alinifuata jikoni. Hakukaa. Alisema, "Wifi, nisaidieni niwe mjane."

Nilikuwa na hasira na Mayu, na hasira na baba mdogo anayekwepa kila jambo lenye machozi, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na wewe, Mabula. Kama uko hai na umekaa kimya, Mungu akusamehe, mimi bado sijaweza.

Baba mdogo alituita. Tulikaa uani, Mayu kwenye kigoda chake. Nilieleza kwamba nimezungumza na Padre, na Padre amesema Misa ya Jumamosi ni yetu, nia ni yetu. Familia ikikubaliana kwamba ni Misa ya marehemu atavaa zambarau, tukitaka ya msafiri atavaa nyeupe, yeye atafuata atakachokikuta altareni. Baba mdogo akakohoa, akasema mambo ya Mungu ni mazito. Mama Holo alitazama chini. Sote tukamngojea Mayu. Akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mwenye rangi ni Kabula. Afanye atakavyo." Akaingia ndani.

Unaona alivyonitwika mzigo? Sikulala vizuri wiki ile. Nikiyatia rangi, ninakuua mbele ya mama yako. Nikiyaacha meupe, ninamfunga mkeo kwenye benchi lile asimame nusu, akae nusu, mpaka azeeke.

Ijumaa asubuhi Mayu mwenyewe aliniletea maua. Ndoo nzima, mazuri, yamechangamka. Akayaweka miguuni pangu na kwenda kupeta choroko zake. Mabula, moyo wangu ulilegea kwa shukrani. Nilisema amekubali. Siku hizi nanunua zambarau iliyo tayari kutoka Shinyanga mjini, sihangaiki tena na kuchanganya. Nikachemsha maji kidogo, nikakoroga, nikayasimamisha mlangoni penye upepo, nikaenda kufua.

Nilirudi baada ya saa za kutosha, nikakuta meupe. Nikaongeza rangi. Nikarudi tena, meupe. Ua moja tu lilikuwa na mstari hafifu, kama wino wa kalamu inayokwisha. Nikadhani wameniuzia rangi mbovu, nikatoa shina moja kulichunguza. Ncha ilikuwa imelainika na inateleza. Ua lililokatwa asubuhi haliwi hivyo. Yale maua yalikatwa jana yake, yakakaa kwenye maji safi usiku kucha, mahali penye baridi, labda chini ya kitanda chake. Alikuwa ameyashibisha. Mwanamke ambaye hajui kusoma aliyakumbuka maneno yako yote kuliko mimi.

Nilimtazama. Aliendelea kupeta.

"Mayu, umeyanywesha."

"Yalikuwa na kiu," akasema.

Nikaketi chini pale pale. Nikamwambia ungekuwa hai ungepiga simu, hata ya kuomba nauli. Akaniuliza, "Wewe ulimwona akishuka?" Nikasema hapana. "Ulimwona amekufa?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, na ungo ukaendelea.

Mama Holo aliingia na ndoo ya maji kichwani. Aliyaona maua, akanitazama, akaelewa, maana naye alikaa nawe miaka ya kutosha kujua mambo ya kiu na shibe. Nilidhani atapiga kelele. Alitua ndoo polepole, akapiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, na mimi namsubiri. Nimechoka tu."

Mayu akasimamisha mikono. Wakatazamana. Kisha akasema jambo ambalo sisi wote, kwa akili zetu, hatukuwa tumelifikiria. "Ukishakuwa mjane, si utaondoka? Si utaondoka na mjukuu wangu?"

"Siendi kokote, mama."

"Watakuja kukuoa."

"Wakija nitawaambia nina mama mkwe. Mimi nataka kulia, mama. Tangu siku ile hujaniruhusu kulia."

Sijui Mayu alisikia nini hasa katika maneno hayo. Kisha akashika ukuta, akasimama kwa ile miguu yake, akachukua kisu na kwenda nyuma ya bafu. Jua lilikuwa la adhuhuri. Alikata maua yaliyobaki, hata machanga, akarudi akayalaza juu ya mkeka, kwenye joto, bila maji. Tulikaa watatu kuyaangalia mpaka shingo zikaanza kuinama. Mama Holo alinyoosha mkono kama anayetaka kuyasogeza kivulini, akaurudisha. Wakati ulipofika Mayu mwenyewe alikata ncha kwa mshazari, shina moja baada ya jingine, akayatia kwenye rangi. Halafu akavuta kigoda chake karibu na ndoo, akaniuliza, "Yanaanza saa ngapi?"

"Hayakawii, Mayu."

Hakuondoka pale. Mimi niliona kabla yake, maana macho yake si yale tena: kijishipa kimoja, kwenye ua la pembeni, kimepanda zambarau kutoka chini hadi ukingoni. Niliomba asikione. Alisogeza uso karibu sana, akakigusa kwa ukucha kuhakikisha si uchafu.

Ndipo alipolia. Mabula, ulijua kilio cha mama yetu kwenye misiba ya watu, hiki sicho. Aliinuka, akaweka mikono kichwani, akakuita kwa jina lako na majina ya babu zako, sauti ikatoka uani ikafika barabarani. Mkeo akaanguka chini akalia naye. Nami nikalia nao.

Unajua majirani zetu. Walikuja mbio, wanawake wanafunga khanga viunoni njiani, mmoja na mikono imejaa unga. Mama mmoja akamshika Mayu mabega akauliza, "Nani? Nani amefariki?"

Na Mayu akasema, "Ni Mabula wangu."

Hakuna aliyeuliza lini. Hakuna aliyesema mbona hilo ni jambo la zamani. Yule mama alitoa sauti akaanza kulia, na wengine wakaanza, na wanaume wakaja na mabenchi, na kabla jua halijazama palikuwa na turubai uani na kuni zimelundikwa. Baba mdogo, yule mwoga wa machozi, alilia nyuma ya nyumba hadi akashikwa na kwikwi. Walilala matanga kama vile ulikata roho mchana ule. Jumamosi Padre alikuta altare zambarau tupu, akavaa ya kwake. Udongo wangu ule nilimpa Mayu baada ya Misa, akaufungia kwenye shati lako, na wazee wakauzika pembeni mwa Baba. Holo aliweka shada. Padre alipowabariki wafiwa, Mama Holo alisimama mara moja, wima.

Mayu sasa anakula kidogo na anazungumza kidogo. Usiku namsikia anageuka. Hakuna aliyepona hapa, nisikudanganye. Bustani tuliimaliza yote siku ile, na mvua hazijaja.

Kama uko chini ya udongo ule mwekundu, pumzika, mdogo wangu. Umeliliwa, tena na watu wengi. Tulichelewa, tusamehe.

Na kama uko hai, na mtu anakusomea maneno haya kwenye kambi fulani, usikasirike, wala usione haya kurudi. Mlango ni wako. Ila nakuomba jambo moja tu, Mabula. Usimtokee Mayu ghafla mlangoni. Mwili wake hauwezi tena. Pitia kwangu kwanza, hata iwe usiku wa manane, ugonge dirisha. Nitatangulia mimi kumwambia.

Ni mimi dada yako,
Kabula